Madam na Foleni ya Sauti

Nimeogopa vitu vingi vya maana: sindano, hesabu za logi, na mbwa wa jirani ambaye amenichania suruali mbili za shule. Lakini hakuna nilichokiogopa kama mwanamke mmoja mfupi, mwenye hijabu ya kahawia na gambuti nyeusi za shambani, aliyetufundisha kompyuta kwenye shule yetu ya kata juu ya Usa River, pale lami inapoisha na migomba inaanza. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam wa Historia, Madam wa Baiolojia. Yeye alikuwa Madam tu. Ukilitaja hilo neno darasani, watu waligeuka kuangalia mlangoni.

Mwanzoni nilimwogopa kama chalii yeyote anavyomwogopa mwalimu mwenye uwezo wa kusikia mnong'ono wa safu ya mwisho. Baadaye nilimwogopa kwa sababu nyingine, na hiyo haikuwa ya kuchekesha. Alijua kwamba kwa ajili ya mechi ya mpira nilikaribia kumuua mtoto wa mama yangu mdogo. Alijua peke yake. Kwa miaka miwili, kila simu ilipolia nyumbani nilipoa miguu: ni yeye, leo anasema. Nitafika huko. Ngoja kwanza nimweleze, maana nikianza na kosa langu mtadhani hii habari ni yangu.

Alikuwa mtu wa mitandao asiyetaka kuonekana nayo. Simu yake ilikuwa kitochi, kimefungwa rababendi ili betri isidondoke. Siku moja tulimuuliza, "Madam, kwa nini hununui simu kubwa?"

"Ninyi mnazo kubwa," akasema. "Mmepata nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu simu ni marufuku shuleni na tulitakiwa tuwe hatunazo. Yangu ilikuwa ndani ya soksi ya kushoto, na wakati ule ule ikatetemeka. Madam alitazama dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayemsikiliza ndege.

Alitafuna karafuu kutwa nzima. Ukisikia harufu ya karafuu kwenye korido, ujue umeshachelewa, chochote ulichokuwa unafanya ameshakiona. Na yeye, aliyetufundisha foleni mpaka tukaziota, hakuwahi kupanga foleni hata mara moja. Mapumziko ya saa nne, sisi mia tatu tumejipanga kwa ajili ya uji, yeye anakuja na kikombe chake cha bati anapitiliza hadi mbele. Mama wa uji anamjazia bila kumtazama. Nilipiga kelele kutoka nyuma kabisa, nikijificha kwenye mabega ya watu: "Madam, na sisi tuna njaa!"

"Mimi ni sauti," akajibu bila kugeuka. "Wewe ni mzigo. Subiri."

Watu walicheka wakanigeukia. Kwa wiki nzima jina langu likawa Mzigo.

Hilo la sauti na mzigo inabidi nilieleze. Shule yetu ilipata intaneti ya kupita hewani, kutoka mnara wa chini barabarani. Juu yetu, karibu na msitu wa Mlima Meru, kuna zahanati iliyokaa kwenye bonde, ambako simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji. Madam alipanda mwenyewe juu ya paa la maabara, na gambuti zake, akafunga sahani ya ukubwa wa ungo ikiitazama zahanati. Akaenda kule akafunga nyingine ikitutazama sisi. Basi njia moja nyembamba ikawa ya pande mbili: wanafunzi wenye kiu ya video, na nesi mmoja mwenye kishikwambi, na kwa hicho daktari wa hospitali ya mjini huwaona wagonjwa wa kule juu.

Njia haiwatoshi wote. Kwa hiyo Madam aliipanga. Kinachotoka zahanati kinapita kwanza, sauti yake kabla ya picha yake. Nyuma yao masomo yetu. Mwisho kabisa, wakati hakuna mwingine, wanaopakua mafaili makubwa. Alikuwa na maneno yake juu ya hilo, aliyasema kila wiki mpaka tukawa tunayatamka naye: "Barua ikichelewa, imechelewa. Sauti ikichelewa, imekufa."

Hakuridhika na kusema. Alitutoa nje darasa zima akatupanga mbele ya mlango wa maabara, ambao unapitisha mtu mmoja kwa wakati. Alitugawia karatasi. Walioandikiwa SAUTI wanaingia wakati wowote wanapofika, hakuna kuwazuia. Wenye PICHA wanafuata, lakini kwa hatua sawasawa, bila kukimbia wala kusimama. BARUA wanangoja. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa MZIGO, na ili tusisahau, tulibebeshwa madawati kichwani. Jua la saa sita lilikuwa linanichemsha. Kila tulipokaribia mlango, anatokea msichana mmoja wa SAUTI, mikono mitupu, anapita akitabasamu.

Nilichoka. Nikaweka dawati chini, nikageuza karatasi yangu, nikaandika nyuma yake SAUTI kwa herufi kubwa, nikapita. Nilipita kweli! Mlinda mlango, ambaye ni rafiki yangu, alisoma karatasi akanifungulia.

Ndani nilimkuta Madam amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia.

"Umejiandika nani?"

"Sauti, Madam."

Darasa, walio ndani na walio mlangoni, likaangua kicheko. Nilitegemea fimbo. Yeye akachukua karatasi yangu akaiinua watu wote waione. "Mmeona? Njia haijui sura ya mtu. Inasoma karatasi tu. Huyu ameandika uongo, na njia imemwamini." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama vile tuko wawili: "Wewe ndiye ninayemwogopa. Simuogopi mjinga."

Mimi nilisikia sifa. Nilitembea kifua mbele hadi nyumbani. Sasa nikikumbuka ile sauti yake, naona haikuwa sifa, na pia haikuwa utani. Alikuwa anaogopa kweli.

Alikuwa mwoga, Madam. Ilinichukua muda kuamini, kwa sababu mtu anayetisha huwa hatumdhanii kwamba anatishika. Lakini mwangalie yeye, Mlima Meru unapojifunika wingu. Wingu likishuka kutoka kileleni kuja msituni, alikuwa anaacha sentensi katikati, anaenda dirishani, mkono shingoni. Mvua ikinyesha kwenye majani ya migomba na mikaratusi iliyo kati yetu na zahanati, njia yake inapungua. "Mawimbi yetu ni mavivu kama ninyi," alisema. "Yakikuta jani lenye maji yanakaa hapo hapo." Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu midomoni.

Kuhesabu ndiyo ilikuwa ibada yake ya asubuhi. Kila siku, kabla ya kipindi cha kwanza, alimpigia nesi kupitia kompyuta ya maabara. Hawakusalimiana sana. Nesi alihesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kawaida, na Madam akasikiliza amefumba macho, chaki mkononi. Namba iliyomezwa njiani aliiandika ubaoni. "Saba imeliwa," anasema. "Kumi na nne imeliwa nusu." Siku ubao ukibaki mtupu, anatugeukia na uso wa mtu aliyepata mtoto. Zikiliwa namba tatu au nne, anapanda juu ya paa kabla hata ya kuita mahudhurio, na sisi tunabaki chini tukizitazama gambuti.

Mimi, kwa akili zangu, niliigeuza hiyo kuwa mchezo. Mstarini, tulipoambiwa tujihesabu, zamu yangu ilipofika nikafungua mdomo bila kutoa sauti, kisha nikakwaruza kama redio: "Kumi na... krrr... li!" Mstari mzima ukavunjika. Madam alikuwa nyuma yangu. Karafuu.

"Unakata vizuri kuliko mtandao," akasema. "Kesho utahesabu moja hadi elfu, na mimi nitasikiliza. Ikiliwa moja, unaanza upya."

Nilihesabu nimesimama juu ya kisiki, shule nzima inapita. Nilipofika mia sita na kumi na mbili nikapiga chafya. Alinyanyua kidole kimoja tu. Nikaanza upya.

Kulikuwa na sentensi moja aliyoipiga marufuku: mtandao ulikuwa mbaya. Nchi nzima inaitumia, benki wanaitumia, mjomba wangu akisahau kutuma hela ya shule anaitumia. Kwake hapana. "Mtandao haukosei," alisema. "Kuna mtu amefanya kitu." Mkuu wa shule aliwahi kuingia maabara akiwaka, kikao chake cha video na wakubwa wake kimekatikakatika mbele za watu. "Madam, mtandao wako mbaya!" Madam akafungua kompyuta, akatafuta dakika mbili, akamwonyesha Mkuu mstari mmoja mwekundu kwenye kioo. Mstari ulitoka kwenye ofisi ya Mkuu. Kompyuta yake ilikuwa inashusha tamthilia, vipande arobaini kwa mpigo. Sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa kwenye madaftari, mabega yanatikisika. Madam peke yake hakutabasamu. "Nimekuhamishia kwenye mzigo, Mkuu," akasema kwa adabu kabisa. "Vitashuka taratibu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sasa nije kwenye siku yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao kina namba yake, kama namba ya gari, na ni kwa namba hiyo Madam alikuwa anakitambua kishikwambi cha nesi. Namba hiyo aliiandika kwenye karatasi juu ya mashine: NESI, USIGUSE. Mimi sikuigusa. Niliinakili tu. Simu yangu ya mtumba ilikuwa imeshachezewa na fundi mpaka ikakubali kujiita namba yoyote utakayoitaka. Nikaiita kwa namba ya nesi. Njia ikasoma karatasi yangu, ikaniamini.

Jamani, raha! Kwa wiki tatu, nimekaa kwenye stoo ya majembe nyuma ya maabara, baada ya vipindi, naangalia mpira bila kukwama hata sekunde moja, wakati wenzangu nyumbani wanaangalia duara likizunguka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu saa zile nesi alikuwa hapigi. Sikujua kwamba ndiyo sababu. Nilidhani ni ujanja wangu.

Siku hiyo mechi ilianza saa kumi. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mikaratusi na juu kule mvua imeanza. Picha yangu ikaanza kushtuka: mchezaji anakimbia, anaganda, anatokea upande mwingine wa uwanja. Nikaipigapiga simu gotini. "Nini tena huyu nesi naye," nikajisemea nikicheka, kwa sababu nesi nilikuwa mimi.

Kisha nikamsikia nesi mwenyewe. Dirisha la maabara liko juu ya stoo, na Madam alikuwa amefungua sauti ya kompyuta, kwa kuwa nesi alimwomba asiondoke kwenye mashine, picha inasumbua.

"Dokta, ni mtoto wa miaka miwili," nesi alikuwa anasema. "Anakohoa siku ya tatu. Mimi nimehesabu pumzi nimepata hamsini na kitu, ila alikuwa analia."

"Akilia huwezi kuhesabu." Sauti ya mwanamume, imechoka, ina haraka. "Sasa ametulia? Nionyeshe kifua. Weka karibu. Hapo hapo, nahesabu."

Kukawa kimya. Dakika nzima. Kwenye simu yangu golikipa aliganda hewani, akakaa hapo hapo, akatua. Mimi nilikuwa bado nacheka.

"Thelathini na nne," akasema daktari. "Siyo mbaya. Mpeni dawa ya homa, aende nyumbani, arudi kesho asubuhi."

"Asante, dokta," ikasema sauti nyingine, ya mama. "Mungu akubariki, dokta."

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Mtoto alikuwa Junia, mwanawe.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita kwao kuchukua maziwa. Junia alikuwa amelala kwenye mkeka, na mimi nilimtania, "We mzee, mbona unapumua kama umekimbia mbio za mwenge?" Nililiona lile tumbo. Lilikuwa linaingia chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, haraka haraka, kama kitu kinachomezwa. Nikacheka nikachukua maziwa nikaondoka.

Thelathini na nne. Nikamtazama golikipa wangu, anayeganda na kuruka. Nikaelewa. Kifua cha Junia kimekuwa kinaganda na kuruka hivyo hivyo kwenye kioo cha daktari. Pumzi moja inaonekana, ya pili imemezwa, ya tatu inaonekana. Daktari amehesabu zilizofika. Na zilizobaki nimezila mimi.

Sitaongopa kwamba nilikimbilia ndani. Nilizima simu. Nikasema, basi, nimezima, njia imekuwa safi, mambo yamekwisha. Nilikaa pale kati ya majembe nikisikia mvua, simu ikanidondoka mara mbili. Njia ilikuwa safi, lakini daktari ameshakata, na mtoto anapelekwa nyumbani. Nilimuogopa Madam. Nilimuogopa baba. Kisha nikaona lile tumbo tena, na hofu nyingine zote zikawa ndogo, zikakaa pembeni kama watoto waliofukuzwa sebuleni.

Nikaingia maabara.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Vipindi vimekwisha. Unatafuta nini?"

Nilitaka kuanza na utani. Ndivyo ninavyoanza kila kitu. Haukuja. Nikamwekea simu mezani. "Madam, namba ya nesi. Nimekuwa naitumia mimi. Picha ya daktari ilikuwa inaganda. Yule mtoto hapumui thelathini na nne."

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Uso wake ulipauka tu, ukawa kama wa mtu anayeona wingu likishuka. "Tangu saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akatazama saa ya ukutani, akabonyeza kumpigia nesi. Ikaita, ikaita. Hakuna aliyepokea. "Kishikwambi kimewekwa kwenye chaji," akasema peke yake. "Wameshatoka." Kisha kwangu: "Unajua kwao?"

"Ni mama yangu mdogo, Madam."

"Mrudishe zahanati. Kimbia!"

Nilikimbia ile njia ya kupanda, tope mpaka magotini, viatu vya shule vikabaki kwenye mfereji. Sijawahi kusali kwa mpangilio mbovu kama siku ile. Niliahidi vitu ambavyo Mungu mwenyewe hakuviomba. Nilimkuta mama mdogo kwenye daraja la magogo, Junia mgongoni, kanga imelowa.

"Mama mdogo, rudi! Dokta anamtaka tena."

"Kafanyaje? Si amesema aende nyumbani?"

Na hapo, nikihema, mvua ikinipiga usoni, nikasema: "Mtandao ulikuwa mbaya."

Alinitazama kidogo, akageuka. Nilitembea nyuma yake nikikisikiliza kifua cha Junia kupitia kanga. Kilikuwa kinakoroma taratibu kama maji yanayochemka mbali.

Tulipofika zahanati, nesi alikuwa ameshapokea, maana sauti ya Madam ilikuwa inatoka kwenye kishikwambi. Daktari naye alikuwa ameshaitwa. "Zima picha," Madam alisema. "Mvua imeongezeka, picha tusiiamini. Sauti tu. Nesi, chukua kijiko, gonga meza kila kifua kinapopanda. Dokta, hesabu unachosikia."

Mama mdogo alimpakata Junia, amefunua kifua chake. Nesi akashika kijiko, macho kifuani.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Sikuwa najua kwamba mtoto anaweza kupumua haraka kiasi kile. Kijiko hakikupumzika. Nilihesabu na mimi, midomo imefungwa. Nilipofika arobaini niliona nesi bado anaangalia saa, dakika haijaisha. Nikaacha kuhesabu, nikaogopa namba itakayokuja.

"Sitini na moja," akasema daktari. Sauti yake ya haraka ilikuwa imekwisha. "Mleteni sasa hivi. Msisubiri mvua. Nesi, mwanzishie sindano ya kwanza kabla hajaondoka. Hapa naandaa oksijeni."

Nesi akauliza huku anavunja kichupa cha dawa: "Madam, kwani mwanzo kulikuwa na nini?"

Niliangalia sakafu. Nilijua sasa anasema, na nilitaka aseme, na nilitaka nife kabla hajasema.

"Mtandao ulikuwa mbaya," Madam akasema.

Pikapu ya shamba la maua ndiyo iliyowashusha. Junia alilazwa siku tisa. Siku ya nne mama mdogo alimwambia mama yangu kwamba usiku daktari alikuwa amewaita ndugu waje kumuaga, kisha mtoto akarudi. Mama alinisimulia huku anakatakata sukuma. Nilitoka nje kabla hajamaliza, nikaenda kukaa kwenye migomba.

Nilisubiri adhabu. Nilisubiri kwa namna ambayo sijawahi kusubiri kitu. Madam alibadilisha namna ya kuilinda njia, hata ukijua namba huingii. Simu yangu alinirudishia ndani ya bahasha. Alinisahihishia mitihani kama kawaida, akanikemea kama kawaida, akapita mbele ya foleni ya uji kama kawaida. Mimi kila asubuhi nilisikiliza zile namba ishirini nikiwa nimebana dawati kwa mikono miwili. Utani ulipungua. Wenzangu walidhani nimeokoka.

Mwisho wa muhula sikuweza tena, nikamfuata maabara. "Madam, adhabu yangu lini?"

"Unaisubiri?"

"Kila siku."

"Basi," akasema, akaendelea kufuta ubao.

Mwaka uliofuata akahamishiwa shule moja upande wa Kikatiti. Aliondoka wakati wa likizo, hatukumuaga.

Nilimwona tena juzijuzi, Usa River, siku ya soko. Mimi niko kidato cha tano sasa, nimerudi likizo, na nilikuwa nimemsindikiza mama mdogo kununua vitunguu. Junia ana miaka minne, anauliza kila kitu bei. Si mimi niliyemwona Madam kwanza. Mama mdogo ndiye aliyemwona, amesimama kwenye meza ya fundi redio, amekonda, amevaa miwani.

"We! Si yule Madam?" Mfuko ukatupwa chini, akamshika mikono yote miwili. "Madam wangu! Mwone huyu. Mwone alivyo! Junia, amkia."

"Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Bila wewe huyu hayupo," mama mdogo akasema, machozi yameshafika. "Kila mtu namwambia. Mtandao siku ile ulikuwa mbaya, lakini yule Madam aliung'ang'ania mpaka ukakaa sawa. Si ndiyo, Madam?"

Madam alinitazama. Alikuwa ameshalisema neno hilo mara moja kwa ajili yangu, na nilijua lilimgharimu nini. Sasa hakulisema. Hakukataa pia. Alisubiri tu, macho juu ya ile miwani, na mimi nikasikia miguu inapoa kama kila siku simu inapolia.

"Mama mdogo," nikasema. "Mtandao haukuwa mbaya. Ni mimi. Nilikuwa naangalia mpira kwa namba ya kishikwambi cha nesi. Dokta alihesabu vibaya kwa sababu yangu."

Akacheka. Akanipiga begani. "Wewe na utani wako huu utakufa nao!" Akamgeukia Madam ili wacheke wote.

Madam hakucheka.

Nilikiona kicheko kikimtoka mama mdogo taratibu, kuanzia machoni. "Mpira," akasema.

"Ndiyo."

"Nani na nani?"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta timu, nikatafuta rangi za jezi, nikatafuta hata matokeo. Hakukuwa na kitu. "Sikumbuki," nikasema.

Fundi redio akaacha kazi yake. Kisha akainama, akamnyanyua Junia, ambaye sasa ni mzito, akamtupa mgongoni na kumfunga kanga kama kichanga. "Mama, mimi mkubwa!" Junia akalalamika. Hakumjibu. Akavuka barabara bila kutuaga, akaelekea kwenye njia ya kupanda nyumbani.

Nilibaki na Madam. Nilisubiri aniambie nimefanya vizuri, au nimechelewa, au chochote.

"Huo mfuko wa nani?" akauliza.

Vitunguu vilikuwa bado chini. "Wa mama mdogo."

"Sasa?"

Niliubeba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kamba yake ilinikata vidole. Nilivuka, nikamfuata kwa nyuma hatua kama ishirini, si karibu, si mbali. Alijua nipo, maana alipoongeza mwendo nami niliongeza, na hakugeuka. Junia ndiye aliyegeuza kichwa juu ya bega lake, akaniona na mzigo wangu, akanitolea ulimi.

Sikumrudishia.